Kihenge cha Apolinaria

Kila asubuhi Apolinaria alibeba kikapu akaenda dukani kununua unga. Hebu fikiri! Mkulima wa Usoke, mwenye jembe, mwenye shamba, mwenye mvua ya Mungu, ananunua unga. Wala hakuwa peke yake. Njiani alikutana na wanawake wenzake, vikapu mikononi, nao wanakwenda huko huko. Wote walikwenda kwa Mabruki, mwenye duka karibu na stesheni ya gari moshi.

Mabruki alikuwa mtu wa Tabora mjini, mcheshi, kofia yake safi daima.

"Karibuni wakulima," aliwatania. "Leo tena mmekuja kuvuna dukani kwangu?"

Wanawake walicheka. Apolinaria hakucheka. Utani ule ulimuuma kwa sababu ulikuwa kweli.

Zamani haikuwa hivyo. Mumewe, Kasimiri, alilima mtama, viazi vitamu na karanga, kama baba yake alivyolima. Kisha ikaja tumbaku. Siku zile nchi ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Kodi ilitakiwa kwa fedha, si kwa mtama, na tumbaku ilileta fedha. Hapo mimi sina ugomvi na Kasimiri. Mtu hana budi kulipa kodi, na watoto hawana budi kuvaa. Lakini Kasimiri hakujua kusema basi. Kwanza alipanda tumbaku pembeni. Msimu uliofuata tumbaku ikala shamba la mtama. Halafu ikala matuta ya viazi. Mwisho ikafika mlangoni. Ukitoka nje kutema mate, unatemea tumbaku!

Aliezeka nyumba kwa bati. Alinunua baiskeli. Watu wakamsifu, na sifa humlevya mtu kuliko pombe.

Uani kwao palikuwa na kihenge. Kihenge ni ghala la fito zilizosukwa, likakandikwa udongo, likainuliwa juu ya miti ili mchwa wasilifikie. Kihenge kile kilisukwa na baba yake Kasimiri. Sasa kilikuwa karibu kitupu, maana hapakuwa na kitu cha kukijaza.

Basi msimu mmoja, wakati wa kukausha tumbaku, mvua haikukatika. Majani yalikuwa yametundikwa ndani ya bani, ile nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Moto wa bani hauruhusiwi kuzimika. Ukizimika, majani yanakuwa meusi na hayanunuliki. Kuni kavu zikamwishia Kasimiri. Miti yote ya porini ilikuwa imelowa. Akatazama huku na huku. Akaona kihenge.

Apolinaria alirudi kutoka kisimani akasikia shoka. Ndoo nusura imponyoke.

"Baba Sylvester!" alimpigia mumewe kelele. "Unafanya nini?"

"Kuni zimekwisha. Moto ukizimika, tumekwisha sisi."

"Ndiyo uchome ghala la chakula?"

"Chakula gani, mama? Mlikuwa na mtama kidogo tu. Nimeumwaga kwenye kikapu. Chakula kipo dukani. Mabruki ana magunia mpaka darini."

"Na siku Mabruki akikosa?"

Kasimiri alicheka. "Akose unga naye reli iko mlangoni pake?"

Akachukua fito za baba yake, akazitia motoni. Kihenge cha chakula kikakausha majani ya kuvuta. Jamani! Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sijui wangesema nini juu ya mtegemea cha dukani.

Tumbaku ile ilikauka vizuri sana. Ilinunuliwa, na Kasimiri akaweka noti kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mvua zilipoanza tena, akapanda tumbaku mahali pote kama kawaida yake.

Katikati ya masika hayo mambo yakageuka. Huko mbali, upande wa pwani, mafuriko yalisomba reli. Gari moshi halikuja. Wiki ikapita, halikuja. Apolinaria alifika dukani akamkuta Mabruki amekaa juu ya gunia tupu.

"Unga, Mabruki."

"Hakuna, dada yangu."

"Mahindi basi. Nitasaga mwenyewe."

"Wallahi hakuna. Nina sabuni, nina chumvi, nina mafuta ya taa. Unga hakuna."

Kasimiri hakuamini. Alikwenda mwenyewe, noti mkononi. Alizitandaza juu ya meza ya duka.

"Taja bei yako," alisema. "Bei yoyote."

"Kasimiri, ndugu yangu, nitakuuzia nini?" Mabruki alisema kwa huruma. "Hata watoto wangu wanakula mihogo ya Mama Josepha. Zirudishe hizo, zisilowe."

Kasimiri alirudi nyumbani na fedha zake zote. Alikuwa tajiri, na nyumbani kwake chungu kilikuwa kimefunikwa. Mwanawe mkubwa, Sylvester, alikuwa porini akitafuta uyoga. Binti yake mdogo, Imakulata, alikuwa amelala mchana kweupe. Mtoto yule hakuwa na desturi ya kulala mchana. Apolinaria alimgusa shavu, akaogopa.

"Huyu mtoto ananiishia mikononi," alisema. "Sikai hapa kungoja gari moshi."

Alimbeba mgongoni, akavuka kijito, akaenda kwa Mama Josepha.

Mama Josepha alikuwa mjane. Mdomo wake ulikuwa mkali na mikono yake haikupumzika. Alizaliwa Ziba, nchi ya ng'ombe na jua kali. Huko watu wanajua njaa, kwa hiyo wanajua na akiba.

"Shikamoo, mama," alisema Apolinaria.

"Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Ana njaa tu, mama. Mimi ni mkulima na mwanangu ana njaa."

Mama Josepha hakutoa hotuba. Alitoa kapu darini, akachota vipande vikavu vyeupe, akavitia kwenye chungu pamoja na karanga zilizotwangwa. Vilipoiva, alimlisha Imakulata polepole. Mtoto akafumbua macho. Akaomba tena. Apolinaria akalia kwa sauti, wala hakuficha.

"Lia, lakini sikiliza," alisema Mama Josepha. "Hii ni michembe. Ni viazi vitamu vya mwaka jana. Vyako viko wapi?"

"Hatukupanda. Tumbaku imekula nafasi yote."

"Basi mlale na tumbaku, mwamke na tumbaku, mkailambe! Mwanangu, mimi sikatai tumbaku. Mimi mwenyewe ninauza karanga, ninauza nta. Lakini ninauza kinachobaki. Wewe na mumeo mnauza tumbo kwanza, halafu mnakwenda kulinunua dukani."

"Nifanye nini sasa? Mvua ziko katikati."

"Mtama umechelewa. Viazi havijachelewa. Marando ya viazi ninayo, utakata unavyotaka. Na miche ya muhogo ninayo. Muhogo ukishakomaa unakungoja ardhini. Huhitaji ghala; utauchimba siku unapouhitaji. Ila ule mchungu usiule mbichi hata siku moja. Menya, loweka, anika, ndipo usage. Tatizo lako si mbegu. Tatizo lako ni nafasi. Ardhi nzuri unayo wapi?"

Apolinaria alijibu kwa sauti ndogo. "Mbele ya mlango. Penye tumbaku."

"Mimi sikusema kitu," alisema Mama Josepha. "Wewe ndiye umesema."

Kasimiri aliposikia habari ya kung'oa tumbaku, aliruka.

"Ng'o! Ile ndiyo tumbaku bora kuliko zote. Inataka kupaliliwa tu. Nitawaita vijana wa Jilala waje wapalilie. Fedha ninayo."

Jilala alikuwa mkuu wa kikundi cha vijana wa jembe. Vijana wale walikwenda shamba kwa shamba, wakaimba, wakapiga ngoma, wakalima siku moja kazi ya mwezi. Desturi yao ilijulikana na kila mtu. Mwenye shamba huwalisha chakula kilichotoka katika ghala lake. Asiyeweza kuwalisha haiti jembe.

Jilala alifika na vijana wake. Aliamkia vizuri, kisha akanusa hewa. Hapakuwa na moshi jikoni.

"Mwenye nyumba, tutakula nini?"

"Nitawapa fedha," alisema Kasimiri. "Kila mtu noti yake."

Vijana walitazamana. Mmoja akaguna. Jilala alitikisa kichwa.

"Baba, fedha ni kitu kizuri. Lakini jembe letu halichezi kwa fedha. Tutatafuna noti? Tunakula kwa mwenye shamba, tunaimba jina lake, tunajua kwamba yeye ni mkulima. Leo tukiimba, tutaimba nini? Kwamba Kasimiri hana hata kihenge?"

Wakabeba majembe yao wakaondoka. Hawakutukana. Ingekuwa afadhali wangetukana! Kasimiri alibaki amesimama uani kwake, mbele ya nyumba ya bati.

Asubuhi iliyofuata Apolinaria hakuomba ruhusa ya mtu. Alijifunga khanga kiunoni, akaenda mbele ya mlango, akashika mche wa tumbaku, akaung'oa. Akaushika wa pili. Akaendelea. Sylvester alimfuata akiinua matuta, na Mama Josepha akaja na mzigo wa marando kichwani.

Hapo ndipo Alois alipotokea juu ya baiskeli. Alois alikuwa msimamizi wa wakulima wa tumbaku. Alikuwa mwenyeji wa hapo hapo, lakini alivaa soksi ndefu na kusema kwa ukali kama zile soksi zilimpa cheo. Alitupa baiskeli chini.

"Mama! Umerukwa na akili? Hiyo ni tumbaku!"

"Naijua, bwana. Niliipanda kwa mkono wangu."

"Nani amekupa ruhusa ya kuing'oa?"

"Na ruhusa ya kulisha wanangu, niiombe kwa nani? Kwako?"

"Msimu ujao hampati mbegu ya tumbaku hata punje! Nitasema ofisini."

"Kaseme," alijibu Apolinaria, na mkono wake ukang'oa mwingine. "Na ukifika ofisini, waulize tumbaku inapikwa vipi. Waulize inaliwa kwa mboga gani. Wakikujibu, rudi uniambie. Nitaacha kung'oa siku hiyo hiyo."

Mama Josepha alicheka mpaka marando yakamwanguka kichwani. Alois akamgeukia Kasimiri, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Kasimiri, wewe ni mwanamume. Mkataze mkeo! Wewe ndiye mkulima bora hapa. Unataka kufutwa?"

Kasimiri alipenda tumbaku yake, nami sitamsingizia kwamba haikumuuma. Aliutazama mgongo wa mkewe ulioinama. Alimtazama Imakulata aliyekaa kizingitini, mikono myembamba, akitafuna kipande cha michembe. Kisha akavua koti.

"Alois, mdogo wangu," alisema, "nilikuwa mkulima bora, na mwanangu alitaka kufa njaa. Sasa ubora huo ni wa nini? Nifute."

Akaingia shambani. Aling'oa haraka kuliko mkewe.

Hawakuing'oa yote. Waliacha ile ya mbali, wakaitunza vizuri, nayo ikawapa fedha ya kodi. Lakini mbele ya mlango, viazi vilitambaa. Pembeni ya shamba walipanda muhogo.

Kiangazi kilipofika, walichimba viazi, na Mama Josepha akaja kufundisha. Walikuwa juu ya mwamba mkubwa, wanamenya na kukata.

"Kata vyembamba, Apolinaria. Vikiwa vinene, nje vinakauka na ndani vinaoza."

"Nitajuaje kwamba vimekauka?"

"Vunja kimoja. Kikivunjika kwa sauti, kimekauka. Kikijikunja, kirudishe juani. Ukiweka vibichi, ukungu utakula akiba yote, nawe utanilaumu mimi."

"Na matobolwa?"

"Hayo unachemsha viazi kwanza, ndipo unakata na kuanika. Yawe magumu. Watoto wanatafuna kama peremende, kwa hiyo yafiche!"

Kasimiri naye alisuka kihenge kipya. Alikisuka kikubwa kuliko cha baba yake. Mama Josepha alikizunguka, akakikagua, akapiga mguu mmoja wa kihenge kwa kiganja.

"Panya atapanda hapa kama ngazi. Una debe kuukuu?"

Kasimiri alileta. Walilikata, wakazungushia bati lake kwenye kila mguu wa kihenge. Panya akipanda, anateleza. Kisha wakakandika udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, ndani na nje, wakaacha ukauke kabisa kabla ya kuweka kitu.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, kila mtu Usoke alikimbilia tumbaku. Apolinaria na Kasimiri walipanda mtama na mahindi. Mvua ya kwanza ni ya tumbo, alisema Mama Josepha, na mvua ya pili ni ya mfuko. Miche ya tumbaku walipanda baadaye, michache, mahali pa mbali. Je, walipata mbegu? Walipata, tena bila kuomba sana. Ofisini walihitaji wakulima kuliko walivyohitaji maneno ya Alois. Na Alois mwenyewe alinyamaza, maana mkewe alikwisha kuja kwa Apolinaria kupitia mlango wa nyuma kuomba michembe. Apolinaria alimpa. Akampa na marando, aende akapande.

Kasimiri akamwita Jilala. Safari hii moshi ulifuka jikoni tangu alfajiri. Vijana walilima kwa ngoma mpaka jua likawa utosini. Kisha wakakaa kula michembe kwa karanga, sinia kwa sinia. Jilala alilamba vidole.

"Wabeja, mama," alimshukuru Apolinaria kwa lugha ya kwao. "Sasa tuna la kuimba."

Wakaimba jina la Kasimiri mpaka ng'ambo ya kijito. Kasimiri aliinama akijifanya anakaza mpini wa jembe, kumbe anafuta machozi.

Mavuno ya mwaka huo yalijaza kihenge mpaka mdomoni. Jirani mmoja akaja kuona, akaenda kusuka chake. Mwingine akafuata. Wakati wa kuuza tumbaku ulipofika, Apolinaria na mumewe walipeleka marobota yao kwenye ghala la kununulia. Yalikuwa machache, lakini majani yake yalikuwa ya rangi ya dhahabu.

Mnunuzi alitoka mjini na lori. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia kubwa. Alipasua robota la mtu wa kwanza kwenye foleni, akavuta jani moja, hata hakulitazama.

"Daraja la chini," alisema. "Lingine! Daraja la chini. Lingine!"

Kila robota lilikuwa la daraja la chini. Watu waliguna, lakini walikubali. Mnunuzi alijua anachofanya. Alijua kwamba mkulima wa tumbaku huja na kikapu cha unga kwapani, na mwenye njaa habishani bei. Mwaka uliopita Kasimiri mwenyewe alikubali bila neno.

Zamu yao ikafika. Mnunuzi akavuta jani.

"Daraja la chini."

"Litazame kwanza, bwana," alisema Apolinaria.

"Nimesema la chini. Hutaki?"

"Sitaki." Akamgeukia mumewe. "Baba Sylvester, funga mizigo. Turudi nyumbani."

Mnunuzi alicheka. "Mtairudisha? Mtaila?"

"Tumbaku hatuli," alijibu Apolinaria kwa sauti ya kusikika na wote. "Ndiyo maana tumelima mtama."

Kicheko kilipasuka ghalani. Mnunuzi akawa mwekundu masikioni.

"Na kodi je? Utalipa kwa mtama?"

"Nitalipa kwa karanga," alisema Kasimiri akikaza kamba. "Zimenibakia za kuuza. Kwaheri, bwana."

Akapakia marobota kwenye baiskeli. Nyuma yao mtu mwingine akainua lake. Kisha mwingine. Wote walikuwa na vihenge nyumbani. Wengine walibaki wakauza kwa bei ile ile, kwa kuwa hawakuwa na kitu jikoni. Mimi siwalaumu. Lakini nataka uwakumbuke, ndugu msomaji, unapoamua utapanda nini kwa mvua ya kwanza.

Lori lilirudi mjini nusu tupu. Wiki haikuisha, likarudi tena. Safari hii halikusimama ghalani. Lilikuja mpaka uani kwa Kasimiri, likazima. Mnunuzi akashuka. Familia ilikuwa imekaa mkekani, ugali wa mtama unatoa moshi, mboga ya majani ya viazi na karanga pembeni. Imakulata alikuwa amejaa mashavu kwa tonge.

"Nimeifikiria upya ile tumbaku yenu," alisema mnunuzi. "Ni daraja la kwanza. Yote. Lakini nina haraka, leteni marobota tupakie."

Kasimiri alitaka kuinuka. Mkewe akamwekea mkono begani, akabaki palepale. Kisha Apolinaria akachukua birika la maji na bakuli, akamsogelea mgeni.

"Karibu, bwana. Nawa mikono, ule na sisi," alisema. "Tumbaku haipoi. Ugali ndio unapoa."

Mnunuzi alitazama lori lake. Alitazama kihenge kilichosimama nyuma yao, kimejaa. Akavua kofia, akanawa, akakaa mkekani. Hakuna robota lililoinuliwa mpaka sinia lilipokuwa tupu.